Ala Kwanza, Bastola Baadaye: Vifaa vya Anayeingia Uwanja wa Shabaha

Mwenyekiti wa kikao, wazee waheshimiwa wa Iveti na Mua, kina mama, walimu, maafisa wa usalama mlioiba saa moja ya kazi, na vijana mliojaa madirishani: mwĩ aseo? Mzungumzaji anawashukuru wenyeji wa Machakos kwa ukumbi na kwa chai, na anawaomba radhi mapema wale walioahidiwa kwamba angekuja na bastola. Hakuja nayo. Mhadhara kuhusu vifaa vya kulenga shabaha unaweza kutolewa mikono mitupu, na mikono mitupu ndiyo hasa inayomfaa mgeni siku yake ya kwanza uwanjani.

Kusudi la leo ni kueleza kanuni za mashindano ya shabaha ya vitendo zinamdai nini mtu anayeanza, na kwa nini zinamdai hivyo. Wengi hudhani kanuni hizo ziliandikwa ili kugawa ushindi kwa haki. Kazi hiyo zinaifanya, lakini baadaye. Kwanza ziliandikwa kwa ajili ya mtu anayesimama kando ya mshindani, na ndiyo sababu zinaanzia kiunoni, kwenye ala, kabla ya kuifikia bastola yenyewe.

Kwa wasiowahi kuuona mchezo huu: mshindani husimama mikono ikining'inia, bastola ikiwa ndani ya ala. Msimamizi wa uwanja husimama nyuma ya bega lake akishika saa inayolia. Saa ikilia, mshindani huchomoa, hupiga shabaha za karatasi na za chuma, husogea, hujikinga nyuma ya ukuta wa mbao, hubadilisha magazini, humaliza. Saa husikia mlio wa risasi ya mwisho na kuandika muda. Ni tofauti sana na shabaha ya bastola ya Olimpiki, ambako mtu husimama pale pale akihesabu pumzi zake.

Mchezo huu una familia mbili kubwa. IPSC iliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, watu walioona kwamba vifaa vya mashindano vimekuwa ghali na vya ajabu mno walianzisha IDPA, wakisema mshindani atumie bastola na ala ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzivaa barabarani chini ya koti. Nchini Kenya jina linalosikika zaidi ni hilo la pili, na uwanja wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, umewahi kupokea mashindano yake ya bara la Afrika.

Hata hivyo, kulenga hakukuja Ukambani kwa ndege. Kabla Nairobi haijawa mji, wawindaji wa Kikamba walikuwa wakiangusha ndovu kwa uta, na pembe zikishuka Pwani kwa misafara. Silaha yao kali ilikuwa sumu ya mti wa msunguti, ambayo hapa huitwa ivai, yenye kemikali ya ouabaini inayovuruga mapigo ya moyo. Sumu hiyo ilichemshwa ikawa nzito na nyeusi kama lami, ikapakwa nyuma ya kichwa cha mshale. Kisha sehemu iliyopakwa ikaviringishwa ukanda mwembamba wa ngozi laini. Ukanda ulizuia sumu isikauke, na ulimlinda mbebaji na mwenzake njiani, kwa sababu mchubuko mmoja ungetosha kumaliza safari. Ulifunguliwa mnyama alipokuwa karibu, si kabla. Wasikilizaji waushike ukanda huo wa ngozi kichwani, mhadhara utaurudia.

Hoja ya kwanza: sheria ya nchi hutangulia kitabu cha mchezo

Vitabu vingi vya wanaoanza vimeandikwa Marekani, na ushauri wao wa kwanza huwa mtamu: usinunue chochote, nenda uwanjani, azima bastola ya rafiki. Ni ushauri mzuri Texas. Machakos unaweza kumpeleka mtu kortini.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka raia awe na cheti kabla ya kushika silaha, na cheti hicho humtaja mtu, huitaja silaha yenyewe, na hutaja kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Bastola ya jirani imo katika cheti cha jirani. Zipo hali chache ambazo sheria yenyewe imezitenga, hasa zinazohusu vilabu vya shabaha vilivyoidhinishwa, lakini swali hilo huulizwa klabuni na kujibiwa kabla mtu hajagusa chuma. Halijibiwi na shemeji anayesema "hakuna neno". Hata bunduki ya upepo, ambayo wazazi wengine huiona kama kitu cha kuchezea, imo ndani ya tafsiri ya silaha katika sheria hiyo.

Wenye vyeti nao wanakumbuka mwisho wa mwaka 2018, serikali ilipowataka raia wote wanaomiliki silaha wajitokeze upya kukaguliwa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mshindani Mkenya ni karatasi. Wazee wa uta wangelielewa hilo upesi: mshale nao ulitiwa alama ya mwenyewe, na mnyama alipoanguka alama ndiyo iliyosema nani aulizwe.

Hoja ya pili: ala na mshipi

Hapa mzungumzaji ataketi kidogo.

Anayeanza huja na bastola nzuri iliyochomekwa kwenye ala ya kitambaa aliyoinunua kwa haraka, ikiwa imening'inia kwenye mshipi wa suruali ya harusini. Saa inalia. Anavuta bastola, na ala inapanda pamoja nayo. Anatumia mkono wa kushoto kuishika ala ibaki chini, na sasa vidole vyake vya kushoto viko mbele ya mdomo wa mtutu. Msimamizi anapaza sauti: simama! Siku ya mashindano imekwisha kabla ya risasi ya kwanza. Bastola haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mshipi.

Kanuni za IPSC zinakataa waziwazi ala ya begani, ile ya kwenye sinema inayokaa kwapani. Sababu yake inaonekana kwa mtu yeyote atakayenyoosha kidole na kujifanya anachomoa kutoka kwapani: kidole hupita juu ya mkono wake mwenyewe, kisha juu ya kila aliyesimama ubavuni na nyuma yake. IDPA nayo inaikataa, pamoja na ala inayokaa upande wa kushoto ili ichomolewe kwa mkono wa kulia. (Wale wa kiti cha tatu waliojaribu sasa hivi wameona wenyewe walimwelekezea nani.)

IPSC inakataa pia ala isiyokinga kifyatuo, au triga kama wengi wanavyosema. Bastola inapokuwa ndani ya ala, kidole, pindo la shati au kamba ya koti visiweze kukifikia. Na inaweka kipimo cha mwelekeo: mshindani akisimama ametulia, mdomo wa mtutu ulio ndani ya ala usielekee zaidi ya mita 1 kutoka miguuni pake. Tena, katika makundi ya vifaa kama Production na Standard, vifaa vyote vya mshipini vikae nyuma ya ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga.

Ukanda wa ngozi wa mwindaji ndio huo. Sehemu inayoua hufunikwa mpaka wakati wake, na kifuniko hutengenezwa kwa kipimo cha kile kinachofunikwa. Ala iliyoshonwa kwa bastola zote haikushonwa kwa bastola yoyote. Ile inayofaa anayeanza ni ngumu, iwe ya ngozi nene au ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hiyo hiyo. Mdomo wake haulali bastola ikitoka, ili irudishwe kwa mkono mmoja. Na imebanwa kwenye mshipi mzito usiokunjika. Kurudisha bastola kwenye ala kunahitaji uangalifu kuliko kuichomoa. Kuchomoa kunapimwa kwa saa na kila mtu anatazama. Kurudisha hakupimwi, mtu ameshapumua, anacheka na wenzake, na pindo la shati linaingia pamoja na bastola. Hakuna pointi ya kurudisha upesi, kwa hiyo anayeanza na arudishe polepole huku akitazama ala kwa macho yake.

Kina mama wana shida yao wenyewe, kwa kuwa nyonga hubadilisha pembe ya ala na kitako cha bastola humchoma mvaaji ubavuni. Kanuni zimeliona hilo, na IDPA inawaruhusu ala inayoshuka na kujitenga kidogo na mwili. Muuzaji asiyejua ruhusa hiyo anauza ala ya mumewe.

IDPA inaongeza vazi: katika vituo vingi mshindani huficha vifaa vyake chini ya koti au kizibao, na msimamizi humwambia anyooshe mikono kando, sambamba na ardhi. Bastola ikionekana kwa mbele au kwa ubavu, vazi ni fupi. Wageni hulicheka sharti hili, lakini kwa Kenya lina maana ya karibu. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi, miongoni mwa watu wa mwanzo kuingia kuokoa wenzao walikuwa raia wenye vyeti vya silaha, akiwemo Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa. Waliingia na kile kilichokuwa kiunoni siku hiyo. Hakuna aliyepata nafasi ya kurudi nyumbani kubadilisha ala. Mchezo unaomlazimisha mtu ashindane na kifaa anachokivaa kila siku unamwonyesha mapema, mbele ya karatasi, kama kifaa hicho kinafaa kitu.

Hoja ya tatu: kila nyongeza ina kundi lake

Mchezo huu hupanga washindani kwa makundi ya vifaa, kama ndondi inavyopanga kwa uzito. IDPA ina Stock Service Pistol kwa bastola za kawaida kama zilivyotoka kiwandani, Enhanced Service Pistol kwa zilizorekebishwa zaidi, kundi la bastola ndogo za kufichwa, kundi la rivolva, kundi la zenye kioo cha nukta nyekundu, na mengine. Katika kitabu chake cha mwaka 2017, Stock Service Pistol iliruhusu risasi 10 katika magazini hata kama magazini yenyewe ingebeba 17. Production ya IPSC huweka kikomo cha 15 baada ya saa kulia. Anayeanza ahesabu mwenyewe, usiku wa kabla, mezani, na alfajiri ahakikishe kitabu kinachotumika ni cha mwaka gani, kwa maana tarakimu hizi hubadilishwa.

Bahati mbaya ya mwenye fedha huanzia hapa. Kijana ananunua bastola ya milimita 9. Rafiki anamshauri aifunge kipande cha mdomoni kinachopunguza mrusho. Kipande ni kizuri, bastola imetulia mkononi kama punda aliyeshiba. Lakini katika IPSC kipande hicho kinamtoa Production na kumtupa Open, kundi la bastola za mbio zenye vioo na magazini ndefu. Huko wenzake hupiga risasi zenye nguvu ya daraja la juu, yeye anabaki na za daraja la chini. Risasi iliyotua katikati ya shabaha humpa kila mmoja pointi 5. Iliyokosea kidogo na kuingia eneo la C humpa mwenye nguvu 4, yeye 3. Wakipiga risasi 20 kila mmoja, 10 zikatua katikati na 10 katika C, mwenzake ana pointi 90 na yeye 80. IPSC hugawa pointi kwa sekunde. Wote wakitumia sekunde 20, mmoja ana 4.5 na mwingine 4.0. Amelipa fedha ili ashindwe na mtu aliyelenga sawa naye.

IDPA huhesabu kinyume: huchukua muda na kuongeza adhabu, na tangu kanuni za 2017 kila pointi iliyopotea ni sekunde 1 kamili, awali ilikuwa nusu sekunde. Aliyemaliza kwa sekunde 20 akapoteza pointi 6 anaandikiwa 26. Mwenye pupa aliyemaliza kwa 16 akapoteza 12 anaandikiwa 28. Hakuna kifaa kinachouzwa cha kuziba pengo hilo.

Hoja ya nne: risasi hupimwa

Kuna meza ambayo wageni huipita bila kuiona. Juu yake kuna mashine inayopima kasi ya risasi, na waamuzi huchukua baadhi ya risasi za mshindani wazipime. Hesabu ya nguvu ya risasi ni ya shule ya msingi: uzito wa risasi kwa greni, mara kasi yake kwa futi katika sekunde, gawa kwa 1,000. Risasi ya greni 124 ikienda futi 1,050 kwa sekunde inatoa 130. Production inataka isipungue 125. Ikipungua, mshindani anaweza kuendelea kupiga, lakini bila pointi, kama mwanakwaya aliyeambiwa afungue mdomo tu.

Sharti hili linazuia risasi dhaifu zinazoifanya bastola iruke kidogo na kurudi shabahani upesi. Anayeanza anunue aina moja ya risasi za kiwandani na asiichanganye na nyingine. Za kutoboa chuma, za kuwasha moto na za kuacha mstari wa mwanga hazikubaliwi kabisa. Shabaha za chuma hupigwa kuanzia mita 7, na kinachogonga chuma hurudisha vipande.

Hoja ya tano: macho, masikio, kola, mikono

Hii ni fupi. Miwani ya kinga na viziba masikio huvaliwa na mshindani na kila mtazamaji, akiwemo mtoto aliyeletwa kutazama baba. Kofia yenye ukingo huzuia ganda la moto lisiingie nyuma ya miwani. Shati lifungwe kola: ganda lililoingia kifuani limewafanya watu wenye akili timamu wageuke na bastola mkononi wakicheza ngoma isiyo na jina, na kugeuka huko, mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa shabaha, humtoa mtu mashindanoni. Mwisho, mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya nyama choma, kwa sababu vumbi la risasi lina madini ya risasi, na jina hilo halikutolewa bure.

Mbele ya safari

Swali lililoulizwa mlangoni kabla ya kikao lilikuwa: Machakos ipate lini uwanja wake? Milima ipo, na mteremko wa udongo nyuma ya shabaha ndio ukuta ambao wengine huujenga kwa gharama kubwa. Lakini uwanja huidhinishwa, huwekewa wasimamizi waliofunzwa, na hao hawapatikani kwa siku moja. Kazi inayoweza kuanza sasa ni kuwapeleka watu 5 au 6 kwenye mashindano yaliyopo, bila bastola, wajitolee. Kila mashindano hukosa watu wa kubandika viraka kwenye matundu ya karatasi, kusimamisha vyuma vilivyoanguka na kuandika muda. Anayebandika viraka siku nzima hutazama ala 60 zikifanya kazi, na jioni anajua ipi ya kununua kuliko msomaji wa matangazo.

Vijana wa madirishani wasisubiri cheti. Uta hauhitaji cheti cha bunduki, na mwaka 2016 bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio ilibebwa na mpiga mshale, Shehzana Anwar. Shule za kaunti hii zinaweza kuanza na nyuta nyepesi, mstari mmoja wa kusimama na amri moja ya kwenda kuokota mishale, wote kwa pamoja, nyuta zikiwa chini. Mtoto aliyezoea amri hiyo akiwa na miaka 12 hatafundishwa upya atakapokuwa mtu mzima na karatasi yake mkononi.

Mwenyekiti ameonyesha saa yake mara mbili. Maswali yanakaribishwa, na yule mzee wa mbele aliyekuja na uta wa babake, uliofungwa kwenye gunia, anaombwa aufungue sasa, polepole, upande wa ukuta.